Swichi imezimwa, taa bado inamulika: balbu feki au waya?

Swali: Fundi, habari za kazi. Kwenye banda la gari nyumbani nilikuwa na swichi ya kitufe kimoja, nikabadilisha nikaweka ya vitufe vitatu: taa ya ndani, ya ukutani nje na ya juu ya mlango. Zote zinawaka vizuri, ila usiku nikizima, balbu mbili za LED zinabaki na mwanga hafifu. Aliyenifungia amepima kwa testa, akasema moto upo kwenye swichi, hivyo balbu ni feki, ninunue nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Ndugu, pesa ya balbu iweke kwanza. Hiyo kauli ya "moto upo kwenye swichi" haithibitishi kitu. Testa inawaka kwenye swichi iliyofungwa sawa, na inawaka vilevile kwenye iliyofungwa kinyume. Swichi ikikata nyutro (waya unaorudisha umeme kutoka kwenye taa) badala ya moto, moto unapita ndani ya balbu, unashuka na waya wa kurudi na kusimama kwenye skrubu ya swichi. Testa inauona, fundi anaridhika. Kumbe holda ina moto saa zote, ndiyo maana LED inaweza kubaki na mwanga hafifu, na anayepanda ngazi kubadilisha balbu, miguu kwenye sakafu ya zege yenye unyevu, anaamini amezima. Breka nayo haisemi kitu, maana kwa upande wake kila kitu kiko sawa.

Kipimo cha kweli ni hiki. Zima breka, toa balbu zote tatu, rudisha breka, vitufe vyote vikiwa vimezimwa. Mita iwe kwenye voti za AC. Anza na soketi: kati ya moto na ethi (waya wa ardhi) usome takriban 230. Usipopata, huna ethi ya kupimia na sifuri utakazoziona baadaye ni za uongo. Kisha pima kila mguso wa holda dhidi ya ethi. Mmoja ukisoma 230, swichi inakata nyutro. Ukisoma 30 au 50 inayoyumba, huo ni umeme wa kuambukizwa kutoka waya unaokimbia sambamba ndani ya paipu, na unatosha kuifanya LED imulike hata kwenye wayaringi safi. Taa ndogo ya kiashiria kwenye kitufe nayo hufanya hivyohivyo. Hapo ndipo habari ya balbu inaweza kuzungumzwa. Kama hujawahi kupima umeme ukiwa umewashwa, mwachie mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Ufungaji wenyewe si mgumu. Waya mmoja wa moto, 1.5 mm, unaingia COM (skrubu ya kuingizia moto) ya kitufe cha kwanza. Vipande viwili vifupi vinaunganisha COM ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu. Kutoka L1 (skrubu ya kutolea moto) ya kila kitufe unatoka waya wake kwenda kwenye taa yake. Nyutro haiingii kwenye swichi kabisa, inaishia kwenye taa. Kipande kikitolewa L1 badala ya COM, taa ya pili haitawaka mpaka ya kwanza iwashwe.

Sasa hesabu: moto mmoja, waya tatu za kurudi (zile za kutoka L1 kwenda kwenye taa), na ethi. Ni tano. Swichi yako ya zamani ilikuwa na mbili na ethi. Hizo mbili zilizopungua zilitoka wapi? Swali hili muulize fundi kabla ya lingine lolote. Kuvuta waya mpya kwenye paipu ya milimita 20 ni kazi ya saa chache, lakini vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, hawataki hata hizo. Kishoka anachukua ule wa ethi, wa kijani na njano, anaufanya waya wa kurudi wa taa ya nje, na boksi la chuma linabaki bila ethi. Anayekuja baada yake akiona kijani na njano ataushika kwa mkono.

Njia yao nyingine ya mkato ni kuazima moto kwenye soketi iliyo karibu. Taa iliyopaswa kulindwa na breka ya ampea 6 au 10 sasa iko kwenye ya 20 au 32, kwa waya wa 1.5 mm. Nyutro yake ikirudi kwenye mzunguko wa taa, na kila mzunguko una RCD yake (kifaa kinachokata umeme ukivuja), RCD itakata kila ukiwasha. Kishoka "ataitengeneza" kwa kuiondoa RCD.

Na swichi ya namna hiyo inalishwa na breka mbili. Unazima ya taa, zote mbili za kwanza zinazimika, unafungua bamba huku kitufe cha tatu kina 230. Pima kila skrubu ya boksi hilo dhidi ya ethi kabla hujagusa hata moja.