Wigi la Clark Lina Uzito Kuliko Bastola

Swali la wiki: tamthilia ya kijasusi hubebwa na njama au na wahusika? Ninajibu kwa The Americans (2013 hadi 2018, misimu 6), maana humo njia zote mbili zimejaribiwa. Ambaye hajaimaliza aishie hapa.

Philip na Elizabeth ni majasusi wa KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, wanaoishi kama familia ya Kimarekani jirani na Washington, enzi za Rais Reagan. Sifa nyingi humwendea Elizabeth, na anazistahili, lakini ufundi wa waandishi nauona kwa Martha, katibu muhtasi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Msimu wa 1 Philip anamwoa akiwa amevaa wigi na kujiita Clark. Martha anamwekea bosi wake ofisini kalamu yenye kinasa sauti. Msimu wa 3 kalamu inagunduliwa, naye anakimbilia chooni kuvunjavunja kipokezi chake. Baadaye Clark analivua wigi mbele yake, taratibu. Kwa mtazamaji hakuna siri iliyofichuka, wigi tunalijua tangu mwanzo. Kinachokaba koo ni uso wa Martha anapofika tulipo sisi. Njama iliyofichwa hadi dakika ya mwisho hushtua mara moja tu. Hii huuma hata ukirudia kuitazama.

Msimu wa 5 ndipo walipojikwaa. Majasusi wanaamini Marekani inaandaa wadudu wa kuangamiza ngano ya Wasovieti, wanamuua mfanyakazi wa maabara, kisha inabainika kwamba utafiti ule ulitafuta ngano inayostahimili wadudu. Wazo kali! Ila marehemu tumekutana naye dakika chache tu, basi majuto ya Philip yanaelea. Wengi walilalamika kwamba msimu ule ulikwenda polepole. Mimi naona mwendo haukuwa na kosa. Martha naye alijengwa polepole, lakini alipewa misimu mitatu.

Linganisha na gereji ya sehemu ya mwisho. Stan wa FBI amewaelekezea bastola majirani zake, Philip na Elizabeth, mazungumzo yanakwenda dakika nyingi, na hailii hata risasi moja. Philip anamwambia kwamba urafiki wao ulikuwa wa kweli. Stan anawaachia njia, na kabla hawajaondoka Philip anamtia shaka kuhusu mkewe mwenyewe, Renee: huenda naye ni jasusi. Jibu hatupewi kamwe. Wapo wanaoliita pengo la uandishi. Lakini Stan atarudi nyumbani kwa mwanamke huyo usiku uleule.