Mtoto wa Wiki Tatu Hasomi Ratiba

Ukikuta friji imebandikwa ratiba ya rangi nne, saa 12:00 alfajiri kunyonya, saa 12:40 "kukuza ubongo", saa 1:15 kulala, jua nyumba hiyo ina mtoto wa kwanza. Mwenye ratiba mwenyewe hajui saa. Wiki za mwanzo hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku, na usingizi wake wa saa 14 hadi 17 huja vipande vipande. Bandikeni tarehe za chanjo tu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua na rubela.

Mizani ya dukani kwa Mangi nayo iacheni ipime sukari. Siku za kwanza mtoto hupungua kidogo, halafu hurudia uzito wa kuzaliwa kwenye wiki mbili hivi. Zikipita hajarudia, nendeni kituo cha afya.

Likizo ya uzazi ni siku 84, maziwa ya mama pekee ni miezi 6. Hesabu hizo hazilingani, kwa hiyo mama anayerudi ofisini Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, aanze kukamua wiki mbili kabla. Maziwa hukaa saa 4 kwenye chumba cha nyuzi 25. Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likipita 30, yaingie kwenye friji mara moja, nyuma kabisa, si mlangoni, na yatumike ndani ya siku 4. Kuyapasha, tumbukizeni chombo chake kwenye maji ya moto; msiyachemshe.

Sasa uji, maana hapa ndipo tamaa ya wazazi huchemka kuliko sufuria. Miezi 6 ikitimia, mtu anaenda Soko la Majengo na kurudi na nafaka tisa, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote vinasagwa pamoja. Soya isiyoiva vizuri hujaza tumbo gesi. Mtoto akiharisha, hamjui mshtakiwa ni nani kati ya kumi na watatu. Na karanga chache zenye ukungu zinatosha kuharibu debe zima. Sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi.

Anzeni na ulezi peke yake. Uosheni, uanikeni juu ya turubai, si chini, na mfunike kitambaa chepesi kwa sababu upepo wa huku hauji bila mchanga. Vijiko vitatu vya unga vilivyojaa, kikombe kimoja na robo cha maji. Vurugeni unga kwanza kwa maji ya baridi, la sivyo mtapika mabonge, kisha uchemke kwa dakika 15 mkikoroga. Uwe mzito, ukiinamisha kijiko usichuruzike. Uji mwepesi hujaza tumbo maji. Siku za mwanzo vijiko viwili au vitatu vinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku kadhaa ongezeni kijiko cha karanga zilizochaguliwa moja moja, zikakaangwa na kusagwa laini. Karanga nzima, hapana, hadi miaka 5. Zabibu vivyo hivyo: toeni mbegu, mzipasue kwa urefu vipande vinne.

Kutembea? Kati ya miezi 8 na 18, apendavyo yeye. Kigari cha magurudumu hakimharakishi, na Kanada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mkeka sakafuni unatosha.

Kiingereza cha katuni nacho kisubiri. Shirika la Afya Duniani halishauri skrini kabisa kabla ya mwaka mmoja, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Bibi akija kutoka Mpwapwa akamsemesha Kigogo kutwa, mwacheni. Mtoto humudu lugha mbili tatu kwa pamoja. Na bibi akishika zamu ya jioni, msimdai ripoti.