Maswali na Majibu: Minyoo ya kobe, kenge na chatu waliookolewa

Barua za toleo hili zimetoka Kigoma na Tabora, kwa watu wanaowahudumia wanyama watambaao waliookolewa au kukamatwa na askari wa wanyamapori. Wamejibu madaktari wetu wa mifugo na wanyamapori.

Shikamoo daktari. Kituoni kwetu Ujiji tumeletewa kobe kumi na mmoja waliokamatwa wakisafirishwa ndani ya viroba. Wawili wametoa kinyesi chenye minyoo myeupe midogo inayochezacheza. Mwenye duka la dawa za mifugo anatuambia tuwachome wote ivermectin, kama mbuzi. Tuwachome? – Mhudumu wa wanyama, Ujiji

Marahaba. Msiwachome, na chupa hiyo isikae hata kwenye kabati la dawa za kobe. Ivermectin hupooza minyoo kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mbuzi anasalimika kwa kuwa dawa haipenyi kwa wingi hadi kwenye ubongo wake. Kwa kobe inapenya. Miguu inalegea, shingo inaning'inia, pumzi inakatika, na hakuna dawa ya kuigeuza. Madaktari wanalijua hili tangu miaka ya 1980, lakini maduka yetu yanauza dawa za ng'ombe na mbuzi, na muuzaji anashauri kile anachokijua.

Sasa hiyo minyoo yenyewe. Ikiwa ni myembamba, ya milimita chache, na inachezacheza juu ya kinyesi kibichi, basi ni ile ambayo karibu kila kobe wa porini anayekula majani anayo. Kwa kiasi cha kawaida haimdhuru. Shida huanza pale kobe kumi na mmoja wanapofungiwa banda moja. Mayai ya minyoo hiyo hayahitaji mnyama mwingine wa kupitia: yanatoka na kinyesi, yanakomaa kwenye udongo, kobe anayala na mchicha wake. Porini angetembea akaacha kinyesi chake nyuma. Bandani anarudi kukila.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni fagio. Okoteni kinyesi kila siku, chakula kiwe juu ya jiwe bapa linalooshwa, sakafu iwe ya magazeti kwa wiki za mwanzo ili muone kila kinachotoka. (Kile cheupe cha ungaunga kinachotoka pamoja na kinyesi ni mkojo, si minyoo, mara nyingi watu wametibu mkojo.) Mpimeni kila kobe uzito mara moja kwa wiki. Anayekula vizuri, kinyesi kimeshikana na uzito haushuki, mwacheni na minyoo yake.

Wa kutibiwa ni huyu: anapungua uzito, anaharisha, au ametoa minyoo mikubwa ya sentimita 5 hadi 10. Dawa inayofaa ni fenbendazole, miligramu 50 kwa kila kilo, kwa mdomo, kisha rudieni mara moja baada ya siku 14. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu dawa hii ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, hivyo kobe wa kilo 3 anapata mililita 1.5. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 tu, na kobe huyohuyo atahitaji mililita 6. Aliyezoea ya asilimia 2.5, akiuziwa ya asilimia 10 bila kusoma lebo, anampa mnyama mara nne ya kipimo. Kobe mdogo wa gramu 400 anahitaji mililita 0.2 ya ile ya asilimia 10, na hiyo haipimiki kwa kijiko. Tumieni bomba la mililita 1 lililotolewa sindano. Someni pia kama chupa ina dawa ya pili ndani. Baadhi ya zile za mbuzi zimechanganywa na levamisole au hiyohiyo ivermectin.

Kuzidisha fenbendazole kunaumiza uboho wa mifupa na utando wa utumbo. Chembe nyeupe za damu zinashuka, na kobe ambaye alikuwa na minyoo tu anakufa kwa maambukizi ya bakteria. Ndiyo maana haturudii kila wiki "ili iishe kabisa".

Jambo la mwisho kwenu: kobe aliyetoka kwenye kiroba hana maji mwilini. Asipewe dawa siku hiyo. Muogesheni kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika chini ya kidevu chake, dakika 15 hadi 20 kila siku, mpaka aanze kukojoa na kula. Banda liwe na sehemu yenye nyuzi joto 28 hadi 32 mchana. Kobe wa baridi tumbo lake limesimama, na dawa inabaki humohumo bila kufanya kazi. Dawa ikishapimwa, ipakeni kwenye jani analolipenda. Kumfungua kobe mdomo kwa nguvu kunavunja taya, na dawa ikipitia njia ya hewa mtakuwa mmempa nimonia.

Nina hadubini ya kituo cha afya na ninapima choo cha binadamu kila siku. Kinyesi cha nyoka na kobe kinapimwa vipi? – Mtaalamu wa maabara, Kasulu

Kwa vitu ulivyo navyo, ila fanya vipimo viwili kwa kila sampuli.

Cha kwanza ni cha moja kwa moja, na hakisubiri. Tone la maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 kwenye slaidi, kinyesi kidogo, kioo cha juu, kisha tazama. Hapa unatafuta viumbe vya chembe moja vinavyoogelea, na vinapoa na kufa haraka, kwa hiyo kinyesi kiwe cha saa hiyo. Kilicholala usiku kucha kwenye friji kinafaa kwa mayai tu.

Cha pili ni cha kuelea. Yeyusha chumvi ya mezani kwenye maji ya moto, kama gramu 400 kwa lita, mpaka nyingine ibaki chini haiyeyuki, acha ipoe. Koroga gramu 2 za kinyesi kwenye mililita 28 za maji hayo, chuja kwa chujio la chai, jaza mrija mpaka maji yatune mdomoni, weka kioo cha juu. Dakika 10 hadi 15, si zaidi ya 30, kwani mayai yenye ganda laini hunyauka na chumvi huanza kuganda. Anza na lenzi ya 10. Mayai ya minyoo midogo ya kobe ni marefu, upande mmoja umebonyea. Ya minyoo mikubwa ni ya mviringo, ganda nene lenye mikwaruzo. Ya safura ya nyoka ni ya yai hasa, ganda jembamba, na ndani unaona chembe zimegawanyika. Mayai mazito ya minyoo bapa hayaelei kwenye chumvi. Hayo uyasake kwenye mashapo ya maji ya kawaida. Na ufute lenzi ukimaliza, chumvi inakula chuma.

Mtego mkubwa uko kwa nyoka. Chatu aliyekula panya anatoa mayai ya tegu wa panya na ya utitiri wa panya, mazima kabisa, wala hayamhusu. Andika unachokiona, uliza alikula nini, na rudia kinyesi cha mlo unaofuata kabla mtu hajanunua dawa. Ukitilia shaka, maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iko Tabora: tuma sampuli kwenye chombo kilichofungwa, ndani ya kasha lenye barafu, isigande.

Tunaye kenge wa kilo mbili na nusu aliyenaswa kwenye nyavu za dagaa. Anatoa vipande bapa vyeupe kama punje za wali. – Mvuvi, Kibirizi

Huyo ni tegu. Kenge wa ziwani hula samaki na vyura, na humo ndimo anamopata. Mwarifu afisa wanyamapori kwanza kama bado hujafanya hivyo, kwani kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Dawa ni praziquantel, ileile ya kichocho wanayopewa wanafunzi, miligramu 8 kwa kilo, na daktari wa mifugo ndiye ampe. Kidonge cha miligramu 600 kinasagwa na kuchanganywa na mililita 60 za maji, kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kenge wenu anahitaji miligramu 20, yaani mililita 2, kisha tena baada ya siku 14. Dawa haiyeyuki, inatuama chini. Chupa itikiswe kila unapovuta. Ingizeni dawa ndani ya samaki mfu, na mkia wa kenge mkae nao mbali.

Mbegu za papai hazitoshi? – Msomaji, Nzega

Hapana. Hazina kipimo kwa kilo, na papai lenyewe lina sukari nyingi kwa kobe wa majani: linachacha tumboni, vimelea vya chembe moja vinaongezeka, anaharisha. Mpe majani na nyasi.

Mimi ni mcheza nyoka wa kikundi cha Bayeye, nina kibali. Chatu wangu anatapika panya siku ya tatu, na katikati ya mwili pamevimba. – Mzee, Igunga

Shikamoo mzee. Kabla ya kuwalaumu wadudu, angalia mambo matatu. Panya asizidi unene wa chatu mwenyewe. Nyoka asichezeshwe siku mbili au tatu baada ya kula. Na Juni na Julai usiku wa kwenu ni wa baridi. Nyoka aliyepoa anatapika hata akiwa mzima.

Hayo yakirekebishwa na uvimbe ukabaki, tunashuku kriptosporidia, kimelea kinachonenepesha ukuta wa tumbo. Kinaonekana kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, ileile ya kupimia kifua kikuu: vijiduara vyekundu, kama mikroni 5, juu ya rangi ya bluu. Peleka alichotapika au kinyesi cha siku tatu baada ya mlo. Panya naye ana kriptosporidia yake, hivyo jibu la maabara bila uvimbe na kutapika halitoshi kumhukumu nyoka. Lakini wako ana vyote viwili. Hakuna dawa ya kukimaliza. Mtenge, mhudumie wa mwisho baada ya nyoka wengine wote, na vyombo vyake vimwagiwe maji yanayochemka, jiki haikiwezi kimelea hiki.

Kama kinyesi kina damu na ute, hiyo ni habari nyingine. Uliza kama kuna kobe jirani. Kobe hubeba amiba bila kuugua, na maji yake ya kunywa yakifika kwa nyoka, nyoka anakufa. Hiyo inatibika kwa metronidazole ikiwahiwa, kwa kipimo cha daktari, maana ikizidi inaharibu ubongo.

Na mzee, vaa glavu unaposafisha. Chatu wa porini huweza kuwa na vimelea vya mapafuni ambavyo mayai yake hutoka na kinyesi, na hayo humwingia binadamu.

Kobe waliotibiwa tuwaachie lini? – Askari wa wanyamapori, Urambo

Wakishakaa karantini siku 60 hadi 90, uzito ukipanda au kutulia, na vipimo vitatu vya kinyesi vilivyopishana wiki mbili visionyeshe minyoo mikubwa wala amiba. Ile minyoo midogo msisubiri iishe, haitaisha. Warudi walikotoka. Kobe wa msitu wa miombo asipelekwe mwambao wa ziwa kwa sababu tu gari linaelekea huko, kwani atapeleka vimelea ambavyo kobe wa kule hawajawahi kuvijua. Kama asili yao haijulikani, afisa wanyamapori aamue. Wasafirishwe asubuhi, sanduku moja kwa kobe mmoja, na masanduku yamwagiwe maji ya moto kabla ya kurudishwa stoo.