Maswali na majibu: Gauni la harusi, laini tatu na blenda mbovu

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja. Duka limesema mali inarudishwa, au limetangaza ofa, na mtu anataka kujua aende nalo mpaka wapi. Nimechagua saba. Mimi si mwanasheria. Nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la nguo Kariakoo kwa miaka minne, na mengi ninayoyasema hapa niliyajulia pale.

Shikamoo dada. Ninaishi Leicester. Niliagiza gauni mtandaoni kwa pauni 90, nikalivaa kwenye harusi ya binamu yangu huku lebo nimeificha kwa ndani, kesho yake nikalirudisha na pesa yangu ikarudi yote. Sheria inatupa siku 14 na rafiki zangu wote hufanya hivyo. Mume wangu anasema nimeiba. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mume wako ametumia neno kali, lakini yuko karibu na ukweli kuliko rafiki zako.

Ni kweli sheria ya Uingereza inampa aliyenunua mtandaoni siku 14 tangu mzigo umfikie abadilishe nia, na haimdai sababu. Imewekwa hivyo kwa kuwa hukuligusa gauni wala kulijaribu kabla ya kulipa. Basi nyumbani unaruhusiwa kufanya yale ambayo ungeyafanya dukani: kulivaa mbele ya kioo, kugeuka, kuona kama zipu inapanda. Sheria hiyo hiyo inamruhusu muuzaji akate pesa iwapo mali imetumika kupita hapo na thamani yake imeshuka. Duka halikukata kwa sababu halikujua. Halikujua kwa sababu wewe uliificha lebo na ukanyamaza.

Wengi tuliopita chuoni pwani tumeisikia hadithi iliyopokewa na Abu Huraira juu ya mnyama aliyefungwa chuchu. Muuzaji haachi maziwa yakamuliwe siku kadhaa, kiwele kinajaa, mnunuzi anadhani amepata mbuzi wa maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) akampa mnunuzi hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Nimeifikiria sana pishi ile. Mnunuzi ndiye aliyedanganywa, na bado akimrudisha mnyama analipia maziwa aliyokwisha kuyatumia. Wewe hukudanganywa na mtu. Gauni lilikuwa zima, likakukaa, ukapigwa picha nalo, ukalirudisha bila pishi.

Najua utaniambia duka ni kubwa, halitahisi. Nikueleze ya kwetu Kariakoo. Mtaa mzima ulikuwa na kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi", isipokuwa bosi wetu, ambaye aliruhusu kubadilisha ndani ya siku tatu ukiwa na risiti. Jumatatu moja mama mmoja alileta gauni alilolinunua Ijumaa. Nilikuwa binti mdogo, yeye mtu mzima, nikaona haya kumkagua. Alipoondoka nikalinusa: udi. Kwenye shingo kulikuwa na mstari wa poda. Bosi aliikata bei ya gauni lile kwenye mshahara wangu, na wiki ile ile akatundika kibao kama jirani zake. Waliokuja baadaye na nguo zilizofumuka mshono siku ya kwanza nilikuwa ninawaonyesha kibao. Wao hawakumdanganya mtu yeyote.

Harusi nyingine ikija, kodi gauni au azima kwa dada yako. Hilo la pauni 90 nitalirudia chini, kwenye barua ya Tanga.

Niko Nairobi. Programu ya teksi inampa mteja mpya nusu bei kwa safari tatu za kwanza. Nina laini tatu za simu, kwa hiyo nimekuwa mteja mpya mara tatu. Kuna ubaya?

Upo. Ofa ni ya mteja mpya nawe si mpya tena. Mara ya pili ulipojisajili uliulizwa jina, ukaandika la mtu mwingine, na bila uongo huo mdogo nusu bei isingepatikana. Mama yako akitaka kwenda Kenyatta kliniki na hajawahi kuitumia programu hiyo, msajili kwa laini yake, apande yeye, afurahie nusu bei yake. Hiyo ni haki yake kabisa.

Ninapika maandazi Morogoro. Duka kubwa la hapa liliweka ofa ya unga, nunua pakiti mbili upate moja bure. Nilichukua toroli mbili zikajaa. Mhudumu wa kaunta alinitazama kama mwizi. Nilikosea?

Hukukosea, dada yangu, na macho yale yasikunyime usingizi. Duka ndilo lililoiandika ofa, likachagua bei, likachagua siku, likaamua lisiweke kikomo. Wewe ulisoma kilichoandikwa ukalipa ulichoambiwa ulipe. Hakuna aliyedanganywa hapo.

Mfano maarufu wa jambo hili ni wa mhandisi mmoja wa California, David Phillips. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilitangaza kwamba anayekata misimbo pau (barcode) kwenye bidhaa zake na kuituma atapewa maili za kusafiria kwa ndege. Phillips akapiga hesabu, akagundua kuwa kuna vikombe vya pudini vya senti 25 kimoja ambavyo maili zake zilikuwa na thamani kubwa kuliko bei yake. Akanunua vikombe 12,150 kwa dola 3,000 na ushee. Asingeweza kubandua lebo zote kabla ya ofa kwisha, kwa hiyo alivipeleka kwa Jeshi la Wokovu: wao wabaki na chakula, watu wao wa kujitolea wamsaidie kubandua. Alipata maili zaidi ya milioni moja na robo, na kampuni ikampa. Ninampenda mtu yule kwa sababu kila alichokifanya angeweza kukieleza mbele ya mwenye kampuni bila kubadilisha neno, na hata pudini haikutupwa.

Makampuni nayo yana uongo wao. Mwaka 1992, Uingereza, kampuni ya mashine za kufagia ya Hoover iliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi kwa kila atakayenunua bidhaa zake za pauni 100 au zaidi. Kwanza ilikuwa Ulaya, kisha ikawa hata Marekani. Tiketi zenyewe zilizidi sana pauni 100. Hesabu ilitegemea kwamba wengi watachoshwa na fomu na masharti, wakate tamaa. Watu wakanunua mashine za kufagia wasizozihitaji, wakazijaza fomu zote, na walipocheleweshewa tiketi wakaenda mahakamani. Ofa ile iliigharimu kampuni karibu pauni milioni 50, na mwaka 1995 biashara yake ya Ulaya ikauzwa kwa Candy ya Italia. Siwahurumii waliopanga ofa ile. Anayetoa ahadi huku akiomba watu washindwe kuidai, basi akidaiwa alipe.

Mambo mawili tu, mama maandazi. Wakiandika "mteja mmoja pakiti sita", ni sita, na kuwapanga foleni watoto wanne wa jirani kila mmoja na pesa yako mkononi ni kumdanganya yule wa kaunta. Na ikiwa ni mkesha wa Idi na rafu imebaki na pakiti chache, waachie na wenzako wanaopikia nyumbani. Kwa hili la pili duka halina la kukudai. Ni ujirani.

Ninauza viatu Instagram, Mombasa. Mteja huagiza, bodaboda anafikisha Mtwapa, mteja anavijaribu halafu anasema hajavipenda. Nauli ya kwenda na kurudi inakuwa juu yangu. Mwingine alilipa kwa M-Pesa, akachukua viatu, kisha akaomba pesa irudishwe eti alituma kimakosa. Nianze kudai malipo kabla ya kutuma?

Usiwaweke hawa wawili kapu moja. Wa kwanza ana haki ya kukataa kiatu kinachombana. Kosa lake ni kukuachia nauli. Andika kwenye ukurasa wako, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba nauli hulipwa mwanzo na hairudi, bei ya kiatu hulipwa kikishajaribiwa. Mteja mwema hatalalamika.

Wa pili ni mhalifu. Ile huduma ya M-Pesa ya kutuma ujumbe kwenda 456 ili pesa irudishwe iliwekwa kwa ajili ya mama aliyekosea tarakimu moja akamtumia mgeni ada ya shule ya mtoto. Anayeitumia kurudisha malipo ya mali aliyokwisha kuichukua anajipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 313, inaweza kumfunga mpaka miaka mitatu. Tunza mazungumzo yenu ya kuagiza, ujumbe wa malipo na namba ya bodaboda aliyemkabidhi. Hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kwamba ile pesa ilikuwa bei ya viatu. Nenda navyo Safaricom, kisha polisi, hata kama ni viatu vya shilingi 1,500. Wengi huona haya kuripoti kiasi kidogo, na yeye anahamia kwa muuzaji mwingine.

Nilinunua blenda hapa Dodoma, ikaungua siku ya pili. Duka likanionyesha kibao: hairudishwi. Nimepata wazo. Ninunue nyingine kama hiyo duka la upande wa pili, ambao huruhusu kurudisha, niweke ile mbovu kwenye boksi jipya niirudishe. Si nitakuwa nimefidia tu dhuluma niliyofanyiwa?

Hasira yako ninaielewa, pesa yako imeliwa. Lakini aliyekudhulumu ni duka la kwanza, na unayetaka kumlipisha ni wa pili, ambaye kosa lake ni kuwa na utaratibu mzuri. Tena fikiria boksi lile likirudishwa rafuni bila kufunguliwa. Kuna mtu atalinunua, pengine naye kwa pesa ya kudunduliza, na ataunguliwa kama wewe.

Rudi duka la kwanza. Kibao kile kinaeleweka kwa mtu aliyebadilisha nia. Mali mbovu ni habari nyingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatarajia kitu unachouziwa na mfanyabiashara kifae kwa kazi yake, na blenda ya siku moja haifai. Nenda na risiti, mwombe mwenye duka mwenyewe, usiishie kwa kijana wa kaunta. Akikataa, ipo Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Wasomaji wa Kenya, ninyi mnayo Katiba yenyewe: Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro.

Kaka yangu hapa Minnesota hununua mabuti ya mitumba ya kampuni zinazotoa dhamana ya maisha, anayarudisha dukani kama yake na kupewa mapya. Anasema kampuni zinajua na hazijali.

Zinajali. L.L.Bean ya Maine ilianza mwaka 1912 kwa kuuza jozi 100 za buti za kuwindia, 90 zikarudishwa zimefumuka, na mwenyewe akawarudishia watu pesa zao. Kwa miongo mingi kampuni ilijengwa juu ya heshima hiyo. Februari 2018 ikaifuta dhamana isiyo na mwisho na kuweka mwaka mmoja pamoja na uthibitisho wa ununuzi, na moja ya sababu ilizozitaja ni watu waliokuja na vitu vilivyonunuliwa kwenye mauzo ya mitumba ya uani. Kaka yako amechelewa. Mwambie hivyo, na umwambie pia kwamba wahamiaji wenzake wanaonunua buti moja la kuvukia baridi miaka kumi wangefaidika na dhamana ile kuliko yeye.

Shikamoo. Miaka sita nyuma, hapa Tanga, niliangusha simu mpya kwenye ndoo ya maji. Niliikausha, nikairudisha dukani nikaapa kwamba imezima yenyewe. Wakanipa nyingine. Duka lipo mpaka leo, ninapita mbele yake kila siku. Nifanye nini?

Marahaba. Barua yako imenikaa moyoni kuliko zote. Bei ya simu ile unaijua. Ikiwa huna yote, anza na sehemu, uweke ahadi ya tarehe. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, omba kuonana na mwenye duka pembeni, sema ilikuwa maji na kwamba uliapa uongo. Huna haja ya kueleza maisha yako. Wewe wa Leicester, kwako ni rahisi zaidi: waandikie, sema gauni lilivaliwa, uwaulize wangekata kiasi gani, ulipe.

Na wewe wa Tanga, kabla hujaondoka muulize mwenye duka ni nani aliyeipokea simu ile siku hiyo, na kama alikatwa mshahara. Ikiwa alikatwa, mtafute popote alipo. Pesa hiyo ni yake.