Geuza pakiti usome viungo kabla hujaanza hiyo ditoksi

Hiyo chai ya ditoksi usiinywe Jumapili usiku. Usiinywe kabisa, ila Jumapili usiku ndo mbaya kuliko zote. Umesema unaanza siku 14 za kusafisha mwili, chai kila usiku, juisi tupu mchana, Jumatatu asubuhi uko kazini kama kawaida, na unauliza ule nini ofisini. Naomba tuanze na hiyo chai, maana hayo mengine hayatakulaza hospitali.

Geuza pakiti uangalie nyuma. Ukikuta sanamaki (wengine wanaandika Senna au Cassia kwa herufi ndogo kabisa, chini ya tangawizi na mchaichai wanazozitangulizia mbele), hiyo si chai, ni dawa ya kufungua choo. Ni dawa ya kweli na ina kazi yake, mtu aliyefunga choo anapewa, na hata huyo anaambiwa asipitishe wiki moja bila kumwona daktari. We unataka kuinywa siku 14 na choo chako hakina shida yoyote! Inauchokoza utumbo mpana usukume kwa nguvu, na inachukua saa 6 mpaka 12 kuanza. Piga hesabu mwenyewe, ukinywa saa nne usiku kama walivyokuelekeza, inakushika kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa nne asubuhi, yaani njiani kwenda kazini na kwenye kikao cha asubuhi. Aliyepanga huo muda hajawahi kufikiria kwamba mnywaji ana bosi.

Na kukimbilia choo ndo sehemu nyepesi ya hii habari. Ukiharisha kila siku unatoa maji pamoja na chumvi za mwili, hasa potasiamu, na potasiamu ndo inayofanya misuli ijikunje na kunyooka vizuri, na moyo nao ni msuli. Mimi niliinywa chai kama hiyo, yakanikuta nimesimama mbele ya wakurugenzi naeleza bajeti ya idara yetu, kazi niliyoiandaa muda mrefu, jasho la baridi limelowesha shati mgongoni, nimeng'ang'ania ukingo wa meza, vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja vyenyewe na nikijaribu kuvinyoosha havitaki, moyo unaruka pigo, unatulia, unaruka tena, nasikia mtu ananiuliza swali kuhusu gharama za usafiri na sauti yake inakuja kwa mbali. Nilitolewa pale nimeshikwa mabegani. Daktari wa zamu alichouliza cha kwanza ni nimekunywa nini siku hizi. Damu ikapimwa, potasiamu iko chini, nikawekewa dripu na nyaya za kupima moyo kifuani usiku kucha. Bajeti ikamaliziwa na mwenzangu, na nafasi niliyokuwa naifukuzia akapewa yeye.

Sasa sikiliza aliyeniuzia. Alijiita mshauri wa lishe, ana grupu lake, kila asubuhi anatuma picha za matumbo yaliyopungua. Nilimwambia kichwa kinauma, akasema ni sumu inatoka. Nikamwambia nalegea miguu, sumu inatoka. Nikampigia nikiwa bado kitandani hospitali, akasema basi mwili wangu ulikuwa mchafu kuliko wa watu wengine, niongeze pakiti moja! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Huyo mtu hakuwahi hata mara moja kuniuliza kama natumia dawa yoyote. Je wewe wamekuuliza? Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango ukaharisha vibaya, kidonge kinaweza kupita bila kufyonzwa, na kama unatumia zile dawa za presha zinazokojoza, nyingi zinatoa potasiamu zenyewe, ukiongeza na sanamaki unajitafutia balaa.

Halafu zile kilo. Asikudanganye mtu, chakula kinafyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba, sanamaki inafanya kazi huko mbele kwenye utumbo mpana, kwa hiyo mafuta ya tumboni hayaguswi. Mzani unashuka kwa sababu ya maji, ukirudi kula na kunywa unapanda palepale. Na hizo sumu wanazozitaja bila hata kuzipa jina zina wenyewe wa kuzishughulikia, ini linafanya kazi usiku na mchana, figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu, kinachobaki ni lita moja na nusu hivi ya mkojo. Zinafanya hivyo ukiwa umekaa kwenye kikao, bila pakiti ya mtu.

Kile kichwa kuuma siku za mwanzo mara nyingi ni kahawa uliyoiacha ghafla, kinaanza ndani ya siku moja tu. Ukitaka kuiacha punguza kidogokidogo, leo robo kikombe, keshokutwa robo nyingine, usije ukaambiwa eti ndo dalili kwamba inafanya kazi.

Ofisini kula chakula. Mboga, matunda yenyewe sio juisi yake, maharage, maji ukisikia kiu, pombe weka pembeni, ulale mapema. Ukifanya hivyo wiki mbili na ukajisikia mwepesi, iite ditoksi ukipenda, sina ugomvi na jina.

Ila kwenye chai sirudi nyuma: ukiona sanamaki unaiweka chini, na kama pakiti haina orodha ya viungo kabisa unaiweka chini haraka zaidi. Kama umeshaanza kuinywa na unasikia moyo unaruka au misuli inakaza, usisubiri mshauri wako akujibu, nenda hospitali sasa hivi na pakiti mkononi. Kama bado hujaanza, weka hapa picha ya upande wa nyuma wa hiyo pakiti, na uiweke leo kabla haijafika hiyo saa nne usiku.