Diski gani kwa kompyuta mpya ya mezani?

SWALI: Naunda kompyuta ya kuhariri video. Ninunue SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) moja ya TB 2, au ndogo pamoja na diski ya kawaida (HDD, ya sahani zinazozunguka)?

JIBU: Chukua mbili. Windows, programu na video unayohariri sasa ziwe kwenye SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi, huchomekwa kwenye tundu la M.2) ya TB 1. Kazi zilizokwisha zihamie diski ya kawaida ya TB 4. Ila soma kwanza kitabu cha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta): kwenye mazabodi nyingi, ukijaza tundu fulani la M.2, tundu moja au mawili ya SATA (yanayopokea waya wa diski ya kawaida) huzimika, na diski kubwa haionekani kabisa. Usikimbilie kuirudisha dukani; hamishia waya tundu jingine. Nakala ya akiba weka kwenye diski ya nje, na uichomoe ukimaliza, maana umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza zote zilizochomekwa.