Binti yangu anajiita Okoye

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 9. Tangu aone filamu ya Black Panther kwa jirani, kutwa yuko uani na mpini wa jembe, eti yeye ni Okoye. Baba yake anasema mtoto wa kike hafunzwi ugomvi. Nimkataze?
Mama Mtoto, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimkataze hata kidogo. Mwombe mumeo akae aitazame naye filamu hiyo ya 2018. Okoye, aliyeigizwa na Danai Gurira, ni jemadari mwenye kipara. Kule Busan, Korea Kusini, wigi aliyovaa kujificha anaivua na kumrushia adui usoni, kisha anashika mkuki. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama! Hagombani ovyo, analinda nchi yake. Hata mpenzi wake anapoasi, anamwelekezea mkuki huohuo. Na Shuri je? Mfalme anavaa vazi lililobuniwa na Shuri huyo, mdogo wake wa kike. Sisi tulikuzwa na hadithi za msichana anayengoja kuokolewa.

Tena mwambie baba: ufalme wa Dahomey, Benin ya leo, ulikuwa na kikosi cha askari wanawake katika karne ya 19.

Mpini mwachie, ila upige msasa kwanza, usije ukamchoma vibanzi.